Goti la Bandia Lipimwe kwa Kazi za Siku

(Maneno yaliyosomwa na Halmashauri ya Ajali na Fidia mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tulipoandikwa katika orodha ya wasemaji wa leo, wengine walidhani tutasema habari za mishahara. Habari za mishahara zina wenyewe, na Katibu atazieleza baada yetu. Sisi tumekuja na jambo moja ambalo ukilitazama kwa mbali ni dogo, nalo ni goti. Si goti la kuuma wakati wa baridi, bali goti la kutengenezwa, lile analovishwa mwenzetu aliyekatwa mguu juu ya goti.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mwenzetu mmoja, mpakiaji wa stoo, aliangukiwa na mzigo ukamponda paja, na madaktari hawakuwa na njia ila kuukata mguu. Tajiri wake, ambaye hatumtaji hapa kwa kuwa shauri bado linazungumzwa, alilipa gharama za hospitali, tena akanunua mguu wa bandia. Baada ya miezi minane tulikwenda kumtazama nyumbani. Tulimkuta ameketi mlangoni, magongo mawili yako kando yake. Mguu ulikuwa chini ya kitanda umefunikwa kwa gunia. Tulipomwandikia tajiri, alitujibu kwa barua fupi: mguu ulinunuliwa, mwenyewe hataki kuuvaa, basi hapo hatuna la kufanya.

Tulimwuliza mwenzetu sababu. Alisema, "Ulinibwaga mara mbili siku moja. Mara ya kwanza nilikuwa nashuka kwenye matatu. Mara ya pili nilikuwa nyumbani nimebeba sufuria ya uji, na watoto wananitazama." Uji haukumwunguza mtu, tunashukuru. Lakini tangu siku hiyo mguu ukaingia chini ya kitanda, na hata sisi tungalikuwa yeye tungaliutia huko huko.

Basi tukajiuliza: je, huyu ni mvivu, kama barua inavyotaka tuamini, au alipewa goti lisilofaa kwa maisha yake? Na kama yako magoti yaliyo bora, ubora wake ni nini hasa kwa mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutafuta mkate wake? Hayo ndiyo tuliyoyachunguza, na hayo ndiyo tunayoyaleta kwenu.

Kwanza tueleze kazi ya goti, maana mwenye magoti yake mawili hafikiri habari zake. Ukishuka ngazi, misuli ya paja inakaza na kulegeza polepole, goti linakunjika kwa kiasi, nawe unafika chini huku unazungumza na mwenzako. Mtu aliyekatwa chini ya goti amepata hasara kubwa, lakini goti bado ni lake na paja bado linalitawala. Aliyekatwa juu ya goti hana hilo. Goti lake ni chuma au plastiki, na chuma hakijui kama unashuka ngazi au umesimama katika foleni ya benki.

Tena goti la bandia lina kazi mbili zinazogombana. Likikanyagwa lisikunjike, maana likikunjika mtu yuko chini. Na likiinuliwa kwenda mbele likunjike, maana lisipokunjika ncha ya kiatu itagonga jiwe, na mtu yuko chini vile vile. Mafundi wa dunia wamehangaika na ugomvi huu miaka mingi sana.

Lipo goti la kufuli. Ukisimama linajifunga na kubaki limenyooka kama mguu wa meza. Ukitaka kukaa unavuta kamba, linafunguka. Hili halimwangushi mtu ovyo, lakini kila hatua sharti ainue nyonga au auzungushe mguu kwa nje, na jioni kiuno kinamwambia habari zake. Lipo goti la bawaba moja, linalokunjika kama mlango. Hili mwenyewe hulishika lisikunjike kwa kusukuma kigutu chake nyuma kila anapokanyaga. Akisahau mara moja tu, au akikanyaga kokoto, linakwenda. Goti la mwenzetu wa stoo ni la namna hii.

Lipo tena goti la vyuma vinne vilivyoungwa pamoja, ambalo mahali pake pa kukunjika huhama kadiri mguu unavyokwenda, kwa hiyo kisigino kinapogusa chini huwa imara zaidi kuliko bawaba. Goti la namna hii la bei nafuu lilitengenezwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na shirika la Jaipur huko India, na watu wa Jaipur walianza kulivaa karibu na mwaka 2009. Hao wa Jaipur ndio wenye ule mguu wa mpira unaojulikana tangu mwaka 1968, kazi ya Daktari P. K. Sethi na fundi Ram Chander Sharma. Daktari alikuwa na masomo yake, lakini Sharma alikuwa fundi wa mikono kama wengi walioketi hapa, na bila mikono yake mguu ule usingalikuwapo. Tumeona tuliseme hilo kwa kuwa vitabu hupenda kumtaja daktari peke yake.

Baadaye yakaja magoti ya mafuta. Ndani mna silinda yenye mafuta, na mafuta yanapopita kwa shida katika tundu dogo goti linakunjika polepole. Hans Mauch, mhandisi wa Kijerumani aliyehamia Marekani, alilisifika kwa goti la namna hiyo katika miaka ya 1960, na watu waliweza kushuka mteremko hatua baada ya hatua.

Na sasa yapo magoti ya kompyuta. Waingereza wa kampuni ya Blatchford walitoa la kwao mwanzoni mwa miaka ya 1990, nalo lilitawala mguu unapopeperuka mbele tu. Mwaka 1997 kampuni ya Otto Bock ya Ujerumani ikaonyesha goti liitwalo C-Leg. Ndani yake mna vyombo vya kupima goti limekunjika kiasi gani na uzito umekaa wapi, na vipimo hivyo hupelekwa kwenye kompyuta ndogo mara 50 kila sekunde moja. Kompyuta ndiyo inayofungua na kufunga tundu la mafuta. Mtu akijikwaa, goti linatambua kwamba hatua haikuisha vizuri, nalo linakaza ili apate kujishika. Tangu hapo yamekuja mengine, hata yenye mota inayosaidia kuinuka.

Mkisikia hayo mtasema, basi shauri limekwisha, kila mtu apewe la kompyuta. Hata sisi tulisema hivyo siku ya kwanza. Lakini bei yake huko Ulaya na Marekani ni maelfu kwa maelfu ya dola, na kwa fedha zetu ni bei ya nyumba. Kwa hiyo tulitaka kujua linamfanyia mtu nini kwa bei hiyo, mbali na kung'aa.

Twawaambia tuliyoyasoma. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichukua watu 19 waliokuwa wakivaa magoti yasiyo na kompyuta, wakawavisha C-Leg. Baada ya muda wa kulizoea, kujikwaa kulipungua kwa 59 kwa mia, na kuanguka kukapungua kwa 64 kwa mia. Walipoulizwa wangependa kubaki na lipi, 14 wakachagua la kompyuta. Watano hawakulichagua, na hao nao tusiwasahau. Mwaka uliotangulia, 2007, wengine walikuwa wamefanya jaribio la kubadilisha: mtu avae goti lake la zamani, kisha la kompyuta, kisha arudishiwe la zamani, ili ajilinganishe yeye na yeye. Twaona hiyo ndiyo njia ya haki, maana watu wawili hawalingani kwa kigutu wala kwa umri. Hao walionekana wazi kuwa bora katika kushuka ngazi na kushuka mteremko, na walisema wanajikwaa na kuanguka mara chache zaidi, tena wanaweza kutembea huku wanafanya jambo jingine.

Lakini angalieni upande wa pili. Mwaka 2006 watafiti wa Seattle waliwapima watu wachache waliovaa C-Leg na goti la mafuta la Mauch, wakahesabu mwendo wao wa kila siku. Hawakuona tofauti. Mwaka 2008 watu wa Mayo Clinic waliwapima watu 15, nao wakaona kwamba nguvu inayotumika katika kutembea haikupungua, ila watu hao walijishughulisha zaidi katika maisha yao ya nje ya hospitali. Hao wawili hawapatani kabisa, na hatutawapatanisha kwa nguvu. Lakini kuna jambo tunalolipata kwa wote: ukihesabu hatua peke yake, au mwendo wa mtu katika ukumbi ulio sawa wa hospitali, unaweza kukosa faida yote ya goti. Faida iko penye ngazi, penye mteremko, penye kuanguka, na ndani ya kichwa cha mwenye kutembea.

Hili la kichwani tulilielewa vizuri tulipozungumza na wenzetu wanne waliokatwa juu ya goti. Tuliwauliza, mguu unawazuia nini? Tulitazamia watasema mwendo wa haraka. Hakuna aliyesema hivyo. Mmoja, mama anayeuza mboga, alisema, "Macho yangu yako chini tangu asubuhi hata jioni. Watu wananisalimu, siwaoni. Wanadhani nina kiburi." Mwingine alisema hawezi kubeba kikombe cha chai kutoka jikoni mpaka mezani, kwa kuwa akitazama chai hatazami mguu. Wa tatu alisema choo. Choo cha shimo usiku, wakati wa mvua, na tochi mkononi. Hakutaka kusema zaidi, nasi hatukumlazimisha.

Wa nne alitushangaza. Yeye ni fundi wa cherehani za chuma, husimama mbele ya mashini kutwa nzima, naye ana goti la kufuli. Tulipomweleza habari za goti la kompyuta alicheka akasema, "La nini? Mimi nataka mguu usiocheza. Kazi yangu ni kusimama." Kwake yeye goti lile linaloonekana la zamani ndilo linalomlisha. Anasumbuka kiuno, ndiyo, lakini hajaanguka miaka sita.

Kwa sababu hii, halmashauri yetu haisemi goti fulani ni zuri na fulani ni baya. Twasema goti lipimwe kwa siku ya mwenye kulivaa. Anapanda gari gani? Nyumbani kwake kuna ngazi ngapi, na zina mahali pa kushika? Njia yake ni lami au ni udongo? Anabeba nini kazini? Ana mtoto wa kubebwa? Anapiga magoti msikitini au kanisani, na anakaa vipi chooni? Mwenzetu wa stoo hakuulizwa swali hata moja katika hayo. Alipimwa urefu wa mguu wa pili tu, kama mtu anayepimwa suruali.

Tena hao waliopimwa huko Marekani waliishi penye lami, na stima haikatiki kila wiki. Goti la kompyuta hula betri, na betri hutiwa stima. C-Leg hukaa siku moja au mbili, kisha sharti lichajiwe. Betri ikiisha goti haliachii mtu aanguke, hukaza kwa usalama, lakini hapo mwenye goti la bei ya nyumba anatembea kama mwenye kufuli. Yale ya kwanza yalikuwa yanaogopa maji. Ya miaka ya karibuni yanavumilia mvua, na mengine hata kuoga nayo. Na sharti awepo fundi mwenye kompyuta yake ya kulirekebisha kwa mwendo wa mtu. Fundi huyo akiwa mbali, nauli tu itammaliza mtu.

Msidhani tunatafuta sababu ya kuwapa wafanyi kazi vitu duni. Tajiri akisema "goti la kompyuta si la Waafrika, vumbi litaliharibu," mjibuni kwamba ndugu yetu anayefanya kazi ya ofisi mjini, anayeishi ghorofa ya nne na kupanda mabasi mawili, yeye labda ndiye hasa goti lile limetengenezewa. Na liko jambo jingine la kujifunza kutoka Marekani. Bima ya serikali yao iitwayo Medicare kwa miaka mingi ililipa goti la kompyuta kwa watu waliohesabiwa kuwa watembezi hodari, ikawanyima watembezi wa polepole. Lakini watembezi wa polepole nao huanguka, na pengine hawatembei kwa sababu hiyo hiyo ya kuogopa kuanguka. Utafiti ulionyesha kwamba hata wao goti hilo linawapunguzia kuanguka, na mwaka 2024 mlango ukafunguliwa kwao pia. Kwa hiyo akitokea mtu kusema, "Huyu hatembei sana, mpeni cho chote," mwulizeni hatembei kwa nini.

Tuseme pia habari za kikombe, yaani pale kigutu kinapoingia. Katika wenzetu wanne, watatu walilalamikia kikombe kabla ya kulalamikia goti. Kigutu hupungua miezi ya kwanza, kisha kikombe kinacheza, ngozi inachubuka, jasho linaingia, na mtu anavua. Hapo hata goti la Ujerumani halitamsaidia. Kikombe hubadilishwa, na goti huchakaa kama bega la lori linavyochakaa. Mguu wa bandia haununuliwi mara moja ukaisha. Mafundi wa kazi hiyo tunao: Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Mwili cha Kenya, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kina karakana zake, na mafundi wa Afrika Mashariki wamefundishwa katika chuo cha TATCOT kule Moshi, Tanganyika ya zamani, tangu mwaka 1981. Waulizeni wao kabla ya kumsikiliza mwuzaji.

Sasa habari za sheria, kwa ufupi, maana Katibu anatutazama. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, wanayoiita WIBA, ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, lakini Mahakama ya Juu iliithibitisha mwezi wa Desemba mwaka 2019. Fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kutoka mshahara wa miezi 96, kwa kadiri ya ulemavu. Ajali iripotiwe upesi: tajiri akisha kuarifiwa ana siku 7 za kumpelekea Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini habari hiyo, na madai yasipite miezi 12. Watu wengi hushika hiyo hesabu ya miezi 96 tu, wakaisahau sehemu ya matibabu, ambayo ni deni jingine la tajiri, na mguu wa bandia na matengenezo yake umo humo. Mwenzetu wa stoo alitia sahihi karatasi isemayo amepokea "mguu mmoja". Hakuna neno la matengenezo wala la kubadilisha kikombe, na ni juu ya karatasi hiyo tunagombana mpaka leo. Mjumbe wa karakana asikubali mwanachama atie sahihi karatasi ya namna hiyo kabla halmashauri haijaisoma, hata kama ni Ijumaa jioni na mhasibu ana haraka.

Tena msiende kwa Afisa wa Leba mikono mitupu. Tajiri alituandikia kwamba mwenzetu "hataki" mguu, nasi hatukuwa na kitu cha kumwonyesha ila maneno yetu. Ndiyo maana tumenunua madaftari madogo. Mwenye mguu wa bandia aandike kila jioni: leo nimeuvaa saa ngapi, nimejikwaa mara ngapi, nimeanguka mara ngapi na wapi, jambo gani nililitaka nikashindwa. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wake wa shule. Hii ndiyo njia ile ile ya wale watafiti, ila sisi tunaifanya kwa kalamu ya shilingi ishirini.

Mwenzetu wa stoo sasa amepata goti la vyuma vinne la kujaribu, na kikombe kipya, kwa msaada wa wanachama mliochanga. Lile la zamani limehifadhiwa, naye atalivaa tena wiki mbili kwa kulinganisha, ikiwa fundi atasema si hatari, na ikiwa mwenyewe atakubali, jambo ambalo bado hajakubali. Daftari lake tunalo hapa. Ukurasa wa kwanza unasema: Jumatatu, nimeuvaa saa tatu, sikuanguka. Jumanne, nimeuvaa saa nne, nimejikwaa mara moja kwenye mtaro, sikuanguka. Jumatano, mvua, sikutoka. Alhamisi, nimekwenda dukani nikarudi na mkate na maziwa, mikono yote miwili imeshika.

Daftari litapita kwenu safu kwa safu, mlirudishe mbele. Madaftari matupu yako kwa Mweka Hazina. Ndugu Mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali.